Tusitupe chombo, tubadili nahodha

Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya tendi, nakshi za milango, ngoma za harusi na mapishi ya kwetu Pwani. Leo nataka kuzungumza juu ya kompyuta ya nyumbani. Nakuomba usigeuze ukurasa, kwani haya nitakayosema yanahusu hati za babu zetu, sauti za mama zetu, na halali na haramu ndani ya nyumba zetu. Ikiwa hayo si mambo ya utamaduni, basi sijui utamaduni ni kitu gani.

Nyumbani kwangu Kibokoni, mjini Mombasa, nina kompyuta ya mezani niliyoinunua mwaka 2017 ikiwa tayari imetumiwa na mtu mwingine. Si ya fahari. Kumbukumbu yake ni GB 4, na ikiwashwa hulia kama cherehani. Lakini ndani yake mna amana kubwa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa majahazi. Alipofariki aliacha daftari tatu, lugha yake Kiswahili na herufi zake za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu kwa karne kadhaa. Mna hesabu za boriti zilizokwenda Ghuba na tende zilizorudi. Mna tarehe za kuzaliwa na kufa kwa watu wa ukoo, dawa za miti, na mashairi aliyopelekeana na rafiki zake wa Lamu. Sisi wajukuu Kurani twaisoma, alhamdulillahi, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo chatutatiza. Aliyekuwa akikisoma bila ya kusita ni mama yangu, Mungu amrehemu.

Basi mwaka 2018 nilizipiga picha kurasa zote, kisha nikakaa na mama jioni baada ya jioni, yeye akisoma na mimi nikirekodi sauti yake. Tulipata rekodi 17. Alikuwa akifika penye neno gumu hunieleza, na akifika penye jina la mtu hunipa kisa chake. Mwaka 2021 mama alitangulia mbele ya haki.

Mwaka 2019 kompyuta ile ilikuwa imekuwa nzito, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Fundi akaniambia, "Ami, nitakutilia nakala mpya, itakwenda kama upepo. Nipe shilingi 500 tu." Sikumwuliza nakala hiyo ameitoa wapi. Sikumwuliza kwa sababu nilijua jawabu lake. Hakuna mtu anayeuza kitu cha maelfu ya shilingi kwa shilingi 500 ila kitu hicho kina kasoro katika asili yake.

Asubuhi moja ya mwaka 2022 niliwasha kompyuta nikakuta kila faili imebadilika jina na haifunguki, na barua juu ya skrini yadai fedha za kigeni ndipo nipewe ufunguo. Fundi mwingine aliichunguza akaniambia kwamba nakala ile ya wizi ilikuwa imezimwa kinga yake tangu siku ilipotiwa, na kwa miaka mitatu haikuwa ikipokea marekebisho yoyote. Nilikuwa nimelala mlango wazi bila ya kujua. Picha za daftari niliweza kuzipiga tena, maana daftari zipo. Lakini sauti ya mama nitaipata wapi? Katika rekodi 17 zilibaki 5, zile nilizokuwa nimempelekea dada yangu aliyeko Muscat kwa simu. Kumi na mbili zimekwenda.

Na sasa nitakuambia jambo ambalo naona haya kulisema. Baada ya msiba huo niliifuta kompyuta, nikaitia nakala nyingine ya wizi, mara hii kwa shilingi 700.

Nahodha ni nani?

Kwa wasiojua, nieleze kwa mfano. Kompyuta ni kama jahazi. Mbao, mlingoti na tanga ni ile mashine yenyewe unayoishika kwa mkono. Mabaharia ni programu: huyu anaandika barua, huyu anapiga hesabu, huyu anatoa sauti na picha. Lakini mabaharia hao hawafanyi lolote bila ya nahodha, ambaye ndiye ajuaye nani apewe kazi gani, nani asubiri, na shehena iwekwe wapi. Nahodha huyo ndiye aitwaye mfumo wa uendeshaji. Katika kompyuta nyingi za hapa petu nahodha ni Windows, ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Watu wengi hawajui hata kwamba anaweza kubadilishwa. Wadhani amezaliwa pamoja na chombo.

Windows 10 ilitolewa Julai 29, 2015. Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuitunza kwa njia ya kawaida. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Lakini watu wabaya hawaachi kutafuta matundu katika mifumo, na mtengenezaji akiacha kuyaziba, chombo huendelea kuelea huku maji yakiingia taratibu. Waliojiandikisha walipewa nyongeza ya mwaka mmoja. Walio wengi waliambiwa wahamie Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Hiyo inataka kijisehemu maalumu cha kuhifadhi funguo za siri, kiitwacho TPM 2.0, na inataka mtambo wa hesabu ulio katika orodha yake. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo katika orodha hiyo.

Simlaumu mtu kwa kutia komeo mlangoni kwake. Usalama ni jambo la haki. Ila tujiulize: kompyuta zinazotufikia sisi, katika madrasa, katika maduka na majumbani, ni zipi? Ni hizo hizo zilizokwisha tumika kwengine. Chombo ni kizima, mbao hazijaoza, tanga halijatoboka, na mwenye chombo anaambiwa akitupe kwa sababu nahodha wa zamani amestaafu na nahodha mpya hapandi vyombo vikuukuu.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kwa fundi wa shilingi 500. Na hapo ndipo penye hoja yangu ya leo.

Wizi ni wizi

Barazani nimesikia maneno mengi ya kuhalalisha jambo hili. Mmoja husema, "Kampuni hizo ni tajiri, hazitaumwa na shilingi zangu mia tano." Wa pili husema programu si kitu cha kushikika, ukiinakili mwenyewe yake ingali iko kwake, basi umeiba nini? Wa tatu husema hiyo ni mali ya Wazungu, na wao wametuchukulia mengi.

Mimi si mufti, na atakaye fatwa amwendee mwenye elimu. Lakini jambo hili halikuachwa bila ya kuangaliwa. Mwezi wa Desemba 1988 wanachuoni wa Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu walikutana nchini Kuwait. Katika azimio lao namba 43 walisema kwamba haki ya mtunzi, haki ya mvumbuzi, na jina na alama ya biashara ni haki zenye thamani ya mali, zinalindwa na sheria ya dini, na haifai kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inazilinda programu za kompyuta pamoja na vitabu. Mwenye hoja ya kwamba programu haishikiki ajiulize kama angependa mashairi ya babu yake yachapwe na mtu mwingine kwa jina jingine, ati kwa kuwa daftari lingali liko kabatini.

Hoja ya utajiri nayo haina miguu. Ukiingia dukani kwa tajiri ukachukua kibaba cha mchele, hatutasema umechukua kidogo. Tutasema umeiba mchele.

Lakini sitaki kuwa mkali kupita kiasi, maana mimi mwenyewe nimekiri. Zamani mtu aliweza kusema kwamba hana njia: mtoto ataka kusoma, kazi zataka kuandikwa, na bei ya halali haifikiki. Nasema zamani, kwa sababu leo njia ipo. Nimeipita mimi mwenyewe, na ni mtu wa umri wangu, asiyejua kompyuta zaidi ya kuandika makala haya.

Kisima cha mtaa

Aliyenionyesha njia ni mwana wa dada yangu, kijana anayesoma chuoni. Alikuja kunitazama mwezi wa Novemba 2025, akanikuta nimeshika simu nauliza bei ya kompyuta mpya.

"Mjomba," akaniambia, "kompyuta hii haina ubovu. Kilichokwisha ni mfumo wake."

"Na mfumo mpya wataka kompyuta mpya," nikamjibu.

"Windows ndiyo yataka hivyo. Kuna mwingine unaitwa Linux. Huo utakaa humu humu, na ni halali yako."

"Mwanangu, cha bure kina gharama."

"Si kwamba ni wa bure tu, mjomba. Ni huru."

Neno hilo lilinishika. Waingereza wana neno moja kwa mambo haya mawili, na mpaka leo wenye kazi hii huhangaika kulieleza. Sisi lugha yetu imetuondolea taabu: bure ni bure, na huru ni huru. Mtu anaweza kukupa kitu bure na bado amekufunga nacho.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1983 Richard Stallman, mtaalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza kazi aliyoiita GNU. Alitaka kutengeneza mfumo mzima ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia kwa shughuli yoyote, kuufungua na kuuchunguza, kuunakili na kumpa jirani, na kuurekebisha kisha kuyatoa marekebisho yake. Ili kazi hiyo isije ikatekwa na mjanja mmoja, mwaka 1989 ilitolewa hati iitwayo GPL. Hati hiyo yasema kwa ufupi: chukua, tumia, hata uza ukitaka, lakini ukimpa mwingine mpe na haki zile zile ulizopewa wewe, wala usimfiche maandishi ya asili.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitengeneza moyo wa mfumo, nao ukaitwa Linux. Mwanzo alikataza usitolewe kwa malipo. Mwaka 1992 akauweka chini ya hati ile ya GPL, na tangu hapo maelfu ya watu wa nchi nyingi wameujenga, kila mmoja akiongeza tofali lake.

Nilipoyasikia haya nilikumbuka visima vya mitaa yetu. Mtu alichimba kisima akakiweka wakfu. Ateka mwenye nyumba ya ghorofa, ateka mchukuzi wa hamali, na hapana mwana wala mjukuu awezaye kuja baadaye akatia kufuli. Sisemi kwamba Linux ni wakfu wa kisheria wenye mutawalli. Walioiandika wana nia zao mbalimbali, na wengi wao hulipwa mishahara na makampuni makubwa ambayo nayo yanaitegemea. Nasema tu kwamba mfano wake si mgeni kwetu. Watu wanaojua wakfu wangekuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, na la ajabu ni kuwa tumekuwa wa mwisho.

Wala usidhani huu ni mchezo wa watoto. Ikiwa simu yako ni ya Android, basi moyo wa simu hiyo ni Linux, na umeishika mkononi miaka yote bila ya kujua. Tangu Novemba 2017 kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote katika orodha ya dunia zimekuwa zikiendeshwa kwa Linux. Askari wa Gendarmerie wa Ufaransa wana Linux yao wenyewe waitumiayo kazini. Na sisi Waafrika tumo. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyesafiri angani mwaka 2002, alianzisha aina ya Linux akaiita Ubuntu, neno la Kizulu na Kixhosa lililo ndugu wa neno letu utu. Juu ya msingi wa Ubuntu, mwaka 2006 ikatoka Linux Mint, ambayo ndiyo niliyoichukua mimi.

Siku ya kuhama

Mpwa wangu alikuja Ijumaa moja baada ya Isha, mfukoni ana flashi ya GB 8. Nilidhani ataanza kwa kufuta. La. Alianza kwa kuniuliza, "Mjomba, vitu vyako viko wapi?" Akavinakili vyote katika diski ya nje, kisha akavinakili tena katika diski ya pili, akanipa moja nikaiweke nyumbani kwa ndugu yangu. Alisema hawezi kugusa chombo mpaka shehena ishushwe pwani.

Ndani ya flashi alikuwa ametia Linux Mint aliyoiteremsha kutoka intaneti ya chuoni, aina iitwayo Xfce, iliyo nyepesi kwa mashine kongwe. Mfumo huo hutosheka na kumbukumbu ya GB 2, na GB 4 kama zangu ndizo zinazopendekezwa. Toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, limeahidiwa kutunzwa mpaka mwaka 2029.

Jambo lililonipendeza zaidi ni kwamba unaweza kuujaribu kabla ya kuutia. Aliiwasha kompyuta kwa flashi ile, na Linux ikafunguka mbele yetu bila ya kugusa chochote kilichomo ndani ya diski. Ukiondoa flashi ukawasha tena, unarudi ulikokuwa. Akaniachia siku tatu nijaribu: sauti, intaneti, printa, kuandika. Alisema, "Chombo hakinunuliwi kikiwa nchi kavu, mjomba. Kitie majini kwanza."

Jumatatu akarudi tukautia. Ulifuta nakala ile ya wizi na kukaa mahali pake kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya chai. Nikaweka nywila yangu, nikaona dirisha la kuandikia, LibreOffice, limo tayari, na Firefox ya kutembelea intaneti imo tayari. Sikuombwa namba ya leseni. Sikuombwa shilingi. Na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2019 nilikaa mbele ya kompyuta yangu bila ya kile kitu kilichokuwa kikinikwaruza moyoni.

Yaliyonitaabisha

Ningekuwa mwongo nikisema njia yote ni tambarare. Printa yangu ilichapa siku ile ile, lakini sehemu yake ya kunakili karatasi ilikataa, na mpwa wangu alihangaika nayo jioni mbili. Barua za zamani nilizoziandika kwa programu ya Microsoft zilifunguka, lakini baadhi ya majedwali yalisogea na ikabidi niyapange upya. Binti yangu anasomea uhasibu, na programu moja wanayofundishiwa haikai katika Linux. Hiyo huitumia chuoni kwao. Tena mafundi wengi wa mjini hawaujui mfumo huu, na ukiharibikiwa saa nne za usiku huna wa kumgongea mlango.

Hata miji mikubwa imeona taabu. Serikali ya mji wa Munich, Ujerumani, ilihamisha maelfu ya kompyuta zake kwenda Linux, kisha mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows. Kwa hiyo simwambii mtu ahame kwa pupa. Mwenye kazi iliyofungwa na programu moja maalumu aulize kwanza kama programu hiyo itamfuata. Na mwenye Windows aliyoilipia kwa halali, na kompyuta inayoikubali, hana dhambi yoyote na hana haja ya kunisikiliza.

Maneno yangu ni kwa yule mwenye kompyuta kongwe na nakala ya wizi, yaani mtu kama mimi.

Herufi za babu

Sasa nirudi kwenye daftari. Kiswahili kina sauti ambazo Kiarabu cha kawaida hakina herufi zake, kama vile "pa", "cha" na "va". Wazee wetu walizitatua kwa kuongeza nukta au kuazima herufi kwa Waajemi. Kibodi ya Kiarabu ya kawaida haikupi zote hizo. Katika Linux mpangilio wa kibodi ni faili ya maandishi tu, na mtu anaweza kuifungua, kuisoma na kuibadili. Mpwa wangu aliifungua, akaniongezea herufi nilizozitaka mahali nilipozitaka, na jioni ile ile nikaandika ubeti wa babu kwa herufi alizoziandikia yeye. Sisemi kwamba katika mifumo mingine haiwezekani. Nasema hapa mlango haukuwa na kufuli, na aliyeufungua ni kijana wa nyumbani kwangu.

Hati ya maandishi niliyoipenda ni Amiri, iliyotengenezwa na Khaled Hosny wa Misri kwa kufufua herufi za matbaa ya Bulaq, Cairo. Ukiiona utakumbuka vile vitabu vya Misri vilivyojaa makabati ya mashekhe wetu. Nayo imetolewa huru. Kevin Donnelly naye ametengeneza vyombo vinavyoitwa Andika!, vya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kukigeuza kwenda herufi za Kirumi, akavitoa huru vile vile. Mgeni ametufanyia kazi hii. Wenyewe tuko wapi?

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Nilipoitia Linux niliiambia inizungumzishe kwa Kiswahili. Ikanizungumzisha nusu nusu: maneno haya ya Kiswahili, yale ya Kiingereza, kama mtu aliyekatizwa katikati ya mazungumzo. Hatukukosa walioanza. Mwaka 2004 mradi ulioitwa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini tafsiri ya programu ni kama chokaa ya nyumba, isiporudiwa hubanduka.

Na tofauti ya kitu huru na kitu cha kufungwa ni hii: kazi hiyo haingoji ruhusa ya mtu. Mwalimu wa Kiswahili wa Malindi, mwanafunzi wa Lamu, mshairi wa Vanga, yeyote mwenye lugha na subira anaweza kukaa akatafsiri maneno mia moja leo, na yakikubaliwa yakamfikia kila Mswahili aliye na kompyuta, awe Mombasa, Zanzibar au Muscat. Mara ngapi tumelalamika katika kurasa kama hizi kwamba lugha yetu haipewi nafasi? Hapa nafasi imeachwa wazi, na mkeka umetandikwa.

Neno la mwisho

Najua madrasa kadhaa zilizo na kompyuta zilizofunikwa kanga pembeni, ati zimekwisha. Nawaomba wasimamizi wake wasiziuze kwa chuma chakavu kabla ya kumwita kijana mmoja anayejua, na kumpa Jumamosi moja na flashi moja. Na haifai mahali panapofundishwa amana pawe na nakala ya wizi juu ya meza ya mwalimu. Watoto hutazama kuliko wanavyosikiliza.

Na wewe uliye nyumbani, kabla ya kumpelekea fundi shilingi 500, fanya kwanza lile alilofanya mpwa wangu: nakili amana zako mahali pawili, na pamoja pasiwe ndani ya nyumba yako. Hilo lifanye leo, uwe na mfumo wowote ule, kwani nahodha yeyote aweza kuzama.

Zile rekodi 5 za mama sasa ziko katika kompyuta yangu, kwa ndugu yangu, na kwa dada yangu Muscat. Jioni nyingine mpwa wangu hukaa nami, tukaziweka, na mimi nikafuata katika daftari kwa kidole wakati mama anasoma. Tumeanza kuzisoma kurasa zile ambazo sauti yake imepotea, polepole, neno kwa neno, na tunapokwama tunawauliza wazee waliobaki. Kijana huyo sasa anasoma herufi za babu yake mkuu kuliko mimi. Juzi aliniambia kwamba angependa mashairi yale tukiyamaliza tuyatoe, kila mtu ayasome na kuyanakili, kwa sharti moja tu, kwamba asije mtu akayatia kufuli.

Nilimwambia nitawauliza wenzangu katika ukoo. Wote wamekubali.